Nishuke au nibaki dirishani? Jibu kwa msomaji aliyehamia Oaxaca

Swali: "Ni Mtanzania wa Tanga, nimehamishiwa kikazi Oaxaca, kusini mwa Meksiko, kwa mwaka mmoja. Karibu kila wiki msafara wa matarumbeta na vikaragosi vikubwa unapita chini ya dirisha langu. Natamani kushuka, ila sijui kama nakaribishwa, na sitaki kuonekana mtalii anayedandia mambo ya watu. Ni Mwislamu, sinywi pombe, na ni mweusi. Nikitoka tu macho yote kwangu. Nianzie wapi? Na mavazi yao, naweza kuyavaa?"

Dada, shuka. Hilo ndilo jibu fupi. Lakini kwa kuwa umeuliza kama unakaribishwa, inafaa kwanza umjue mwenye kukaribisha. Msafara ule si maonyesho ya barabarani. Una mwenyewe, una aliyeugharimia, na una mahali unapokwenda.

Unaitwa calenda. Mbele utaona marmota, tufe kubwa la kitambaa lililosimikwa juu ya mti, mtu mmoja akilizungusha mpaka jasho limtoke. Nyuma yake huja monos, vile vikaragosi virefu, kila kimoja na mtu ndani. Kisha wanawake wenye makapu ya maua kichwani, na mwisho bendi. Kabla hujafungua mlango, soma marmota. Likiwa na majina mawili ya watu, hiyo ni harusi. Ukicheza nyuma yao mitaa miwili mitatu hakuna atakayekufukuza, lakini mlango wa ukumbi ni wa walioalikwa, kwa hiyo geuka mapema. Likiwa na jina la mtaa au la mtakatifu, na makapuni mna sura ya huyo mtakatifu iliyopangwa kwa maua, basi mtaa umetoka kutangaza sikukuu yake. Huo msafara kazi yake ni kuita watu, na wewe ni mmoja wa wanaoitwa. Kuna na aina ya tatu, ya hoteli na kampuni za matembezi, wageni watupu wenye vitambulisho shingoni. Hiyo iache ipite.

Ya mtaa ifuate mpaka mwisho. Watazamaji wengi huishia kwenye kona ya tatu wakishapata picha, wakati shughuli yenyewe iko kwenye uwanja wa kanisa. Huko husimamishwa castillo, mnara wa matete na fataki unaowaka ghorofa kwa ghorofa, na kabla yake hutoka toritos: fremu ya umbo la fahali iliyosheheni fataki, kijana ameibeba mabegani anawakimbilia watu. Watu hucheka na kukimbia, na cheche huwaka kwelikweli. Vaa pamba. Baibui la poliesta libaki kabatini usiku huo, na mtandio uwe wa pamba pia. Simama kando ya ukuta wenye upenyo wa kutokea. Fataki ni jambo zito nchini humo: soko lake kubwa la San Pablito, mjini Tultepec, lililipuka Desemba 2016 na kuua makumi ya watu.

Sasa, nani analipa bendi, fataki na chakula? Mara nyingi ni mayordomo, mtu au familia iliyojitolea kumhudumia mtakatifu kwa mwaka mzima. Nafasi hiyo hugombewa. Huko Xochimilco, kusini mwa Mexico City, iko sanamu ya Mtoto Yesu iitwayo Niñopa, ambayo kila tarehe 2 Februari hukabidhiwa familia mpya kuitunza kwa mwaka mmoja, na foleni ya wanaoisubiri ni ya miongo. Wapo walioandikishwa na wazazi wao. Mwaka huo ukifika, nyumba yao huwa haifungwi, na kila anayeingia hupewa sahani.

Hakuna familia inayoweza kubeba mzigo huo peke yake, na hapa ndipo wewe wa Tanga utaelewa haraka kuliko Mzungu yeyote: kuna daftari. Vijiji vya Wazapoteki, wenyeji wa asili wa bonde la Oaxaca, vina mfumo wa zamani uitwao guelaguetza, na ukiwahi kukaa kwenye kamati ya harusi nyumbani, ukaandika fulani kaahidi kiasi gani na sisi tulimpa kiasi gani alipomwoza mwanawe, basi umeshaujua. Tofauti ni ukali wa kumbukumbu. Huko Teotitlán del Valle, kijiji cha wafumaji wa mazulia, bata mzinga wa kuchangia hupimwa kwenye mizani ili atakayerudishwa miaka kumi baadaye awe na uzito uleule. Mahindi, kakao, mayai, vyote huandikwa. Deni si aibu. Mtu asiyedaiwa wala kudai ndiye anayetia shaka, kwa kuwa hakuna kinachomfunga na wenzake.

Na hilo tamasha kubwa la Julai linaloitwa Guelaguetza, ambalo bila shaka wenzako kazini wamekusimulia? Lilipata umbo lake la jukwaani mwaka 1932, Oaxaca ilipoadhimisha miaka 400 tangu itambuliwe kuwa jiji. Hufanyika Jumatatu mbili za Julai, kwenye kilima cha Fortín. Wajumbe kutoka maeneo ya jimbo hupanda na ngoma zao, kisha huwarushia watazamaji mazao ya kwao, mananasi yakiwemo, kwa hiyo ukikaa mbele usisinzie. Sehemu A na B za uwanja ni za kulipia, C na D ni bure kwa wanaowahi foleni. Nenda mara moja. Ni zuri, lakini utakuwa umekaa kitako kwenye kiti ukitazama watu wasiojua jina lako. Mimi ningekushauri Guelaguetza ndogo za miji ya pembeni kama Zaachila na Etla, au ile inayoandaliwa na chama cha walimu tangu mgomo wao na vurugu za 2006 kwa sababu walichoka kuona ngoma za wazazi wao zikiuzwa kwa tiketi.

Kwa hiyo jinsi ya kuingia ni hii: jiweke ndani ya daftari. Usiende mikono mitupu. Kwa sikukuu ya mtaa, maua au mishumaa inatosha. Nyumbani kwa mayordomo, kilo kadhaa za sukari au maharage hupokelewa kwa heshima kuliko zawadi ya dukani iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Vijijini, wageni huanza kwa kusalimia madhabahu ya nyumba kabla ya wenyeji. Wewe hulazimiki kupiga goti wala kuwasha chochote. Mkabidhi mama mwenye nyumba maua yako, atayaweka mwenyewe, kisha msalimie mmoja mmoja kwa mkono, kuanzia wazee. Usipunge mkono ukiwa mlangoni ukadhani umesalimia. Kama ulikuja na kanga kutoka nyumbani, doti moja kwa mwenye shughuli ni zawadi itakayozungumzwa mwaka mzima. Uwe tayari kutafsiri maneno yake, maana hakika utaulizwa.

Njia bora zaidi ni kufika siku moja kabla. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Oaxaca jembe lenyewe ni kumenya vitunguu saumu, kuchambua pilipili kavu za mole, mchuzi mzito wa sherehe, na kufuta majani ya migomba ya kufungia tamales, maandazi ya unga wa mahindi yanayopikwa kwa mvuke. Wanawake wanaopika usiku ule ndio wenye sherehe. Ukikaa nao saa tatu na Kihispania chako cha kuungaunga, kesho yake hutakuwa mgeni tena. Utasikia ukiitwa kwa jina kutoka upande wa pili wa uwanja. Jimbo hilo lina manispaa 570, na zaidi ya 400 hujiongoza kwa mila zao, zikiwemo kazi za pamoja zisizo na malipo ziitwazo tequio. Anayeshika kazi huelewa mambo ambayo hayaelezwi kwa maneno.

Pombe. Mezcal, pombe kali ya mmea wa agave, itakufuata kila mahali, na kikombe kimoja huzungushwa kwa watu wote, kwa hiyo kukataa kimyakimya kunaonekana. Sema wazi, "No tomo, por mi religión" (sinywi, kwa ajili ya dini yangu), kwa tabasamu, mara moja, bila kujieleza sana. Litaeleweka kuliko unavyodhani, kwa sababu Wameksiko wenyewe wana desturi ya kuapa mbele ya Bikira Maria wa Guadalupe kwamba hawatakunywa kwa miezi kadhaa, na mtu mwenye kiapo hashurutishwi. Jihadhari na tepache, maji ya nanasi yaliyochachushwa. Watu huiita kinywaji laini lakini ina kilevi kidogo. Tejate ndiyo yako: mahindi na kakao vilivyopigwa kwa mkono mpaka povu jeupe lielee juu, ikinywewa kwenye kibuyu kilichopakwa rangi. Maji ya ukwaju na ya rosela yapo kila kona.

Nyama ni mtihani mkubwa kuliko pombe. Nakuambia haya kwa undani kwa sababu vitabu vya watalii havitakwambia. Tlayuda na memela, mikate bapa ya mahindi, hupakwa asiento, masazo ya mafuta ya nguruwe, kabla ya kitu kingine chochote. Useme "sin asiento" kabla mama hajashika kijiko. Cecina, nyama iliyokatwa nyembamba na kutiwa chumvi, sehemu nyingine za Meksiko ni ya ng'ombe, lakini Oaxaca ni nguruwe aliyepakwa pilipili. Ya ng'ombe huitwa tasajo. Al pastor, ile nyama inayozunguka kwenye mti wa chuma, ilitokana na wahamiaji wa Kilebanoni na shawarma yao, ila huko waliibadilisha ikawa nguruwe. Maharage yaliyopondwa, tamales, hata mole, uliza "¿lleva manteca?" (ina mafuta ya nguruwe?). Uchinjaji wa halali hutaukuta barabarani, kwa hiyo wengi wa Waislamu ninaowafahamu huko hukaa kwenye maua ya maboga, jibini la quesillo, uyoga, mayai, samaki, na panzi wa kukaangwa kwa kitunguu saumu na ndimu, ambao kifiqhi hawana tatizo kwa wengi. Ukiwa kwa mayordomo, mweleze mapema mama uliyemenya naye vitunguu. Sahani yako itakuja na wali. Na wakati wa kuondoka utafungiwa itacate, chakula cha kwenda nacho nyumbani. Pokea, hata kama huli. Jirani yako wa chini atakushukuru. Kukataa itacate ni kukataa nyumba.

Barabarani, adabu ni salamu. Ukiingia dukani, ukipanda basi dogo, ukikaa kwenye benchi la muuza memela, sema "buenas tardes" kwanza, ndipo useme shida yako. Ukipita penye watu wanaokula, hata usiowajua, "provecho" (mlo mwema). Kwenye kibanda cha taco utakula kwanza kisha utaje umekula ngapi, na muuzaji atakuamini. Beba chenji: noti ya peso 500 saa mbili asubuhi ni uadui. Bondeni kila mji una siku yake ya gulio: Jumatano Etla, Alhamisi Zaachila, Ijumaa Ocotlán, Jumapili Tlacolula, ambalo ni kubwa na la zamani sana. Chagua mama mmoja wa nyanya na mmoja wa maua, urudi kwao kila wiki. Wiki ya nne utaanza kupewa pilón, ile nyongeza baada ya kulipa, na habari za nani anamwoza mwanawe, nani amefiwa, sikukuu ipi inakuja. Kupatana bei kupo, lakini si kwa ukali wa Kariakoo, na kwa kazi ya mkono kama ufumaji au vyungu mimi huwa nalipa inayotajwa.

Kuhusu rangi yako, sitakudanganya kwamba hutatazamwa. Utaulizwa kama ni Mkuba au Mhaiti, utaitwa morena (mwenye ngozi ya giza), pengine negrita (kimweusi), mara nyingi kwa sauti ileile wanayomwitia mnene gordita, na mara chache kwa nia mbaya. Masikio yako yatatofautisha. Anayetaka kushika nywele au mtandio, "no, gracias" inatosha. Ajabu ni kwamba wengi wanaokushangaa hawajui historia yao wenyewe. Vicente Guerrero, rais aliyefuta utumwa mwaka 1829, alikuwa na asili ya Kiafrika. Katiba ilizitambua jamii za Wameksiko wenye asili hiyo mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020, ya kwanza kuwauliza wote, ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5. Wazee wao wengi walipitia bandari ya Veracruz wakitokea Afrika Magharibi na Angola, lakini wapo waliofika Acapulco kwa meli za Manila, wakiwemo waliotoka Msumbiji, pwani yetu hiihii.

Ndiyo maana Siku ya Wafu, badala ya kubanana na watalii makaburini Xoxocotlán usiku wa tarehe 31 Oktoba, mimi ningeteremka Costa Chica, pwani ya Pasifiki wanakoishi wengi wa Wameksiko hao wenye asili ya Kiafrika. Barabara mpya iliyofunguliwa Februari 2024 imefupisha sana safari ya kwenda Puerto Escondido, na kutoka hapo ni saa chache kuelekea magharibi, hadi vijiji vya karibu na Pinotepa Nacional na mpaka wa jimbo la Guerrero, mji wa Cuajinicuilapa ukiwa upande wa pili. Huko wanacheza Danza de los Diablos: vijana waliovaa vinyago vyenye pembe na ndevu za singa za farasi, wakiinama na kukanyaga ardhi kwa kishindo, nyuma yao harmonika, taya la punda linalokwaruzwa meno, na bote, ngoma inayosuguliwa kwa kijiti mpaka ingurume kama chui. Wanapita nyumba kwa nyumba, wafu wakiwa wamerudi nyumbani siku hizo, na kila nyumba huwatunza. Kiongozi wao na mkewe Minga, ambaye ni mwanamume aliyevaa gauni, watakufanyia mzaha mbele ya watu. Nawe uwajibu. Huko sura yako haitashangaza mtu. Kinachoshangaza ni lafudhi.

Ukibaki Oaxaca mjini, nenda San Agustín Etla usiku wa tarehe 1 Novemba, mavazi yenye vioo na njuga mpaka alfajiri. Makaburini usiruke kaburi, usimulike familia kwa tochi ya simu, na picha iombwe kwa mdomo, si kwa kuinua kamera kana kwamba hiyo ndiyo hodi. Ukienda jimbo jirani la Chiapas, ndani ya kanisa la San Juan Chamula picha ni marufuku kabisa, na hawatanii.

Umeuliza pia, nadhani kwa aibu, kama unaweza kuvaa mavazi yao. Unaweza, na pengine utalazimika. Velas, mikesha mikubwa ya Juchitán mwezi Mei, mwanamke haingii bila huipil, blauzi ya huko, na sketi ndefu ya Kitehuana. Wanaume hufika na katoni ya bia, wanawake na mchango wa fedha kwa wenyeji. Nguo ile inasitiri vizuri kuliko nyingi utakazoziona. Azima au nunua kwa mshonaji mwenyewe. Kilemba cha lesi cha sherehe waachie wenyewe.

Mawili ya kiserikali, kwa ufupi. Kadi yako ya ukaazi iwe mfukoni kila usafiripo, hasa basi la kuelekea Isthmus (upande wa Juchitán) au Chiapas, kwa kuwa maofisa wa uhamiaji hupanda na macho yao huanzia kwa weusi. Na ukikutana na maandamano ya walimu pale Zócalo, uwanja mkuu wa mji, ambayo hayakosi kila Mei, tazama ukiwa pembeni, usishike bango wala kupaza kauli: kifungu cha 33 cha katiba kinamkataza mgeni kujiingiza katika siasa za nchi, na adhabu yake ni kufukuzwa.

Kama huwezi kungoja sikukuu ya mtaa, basi subiri tarehe 6 Januari ofisini kwenu. Italetwa rosca, mkate mtamu wa duara wenye vijisanamu vya mtoto vilivyofichwa ndani, na utaambiwa ukate kipande chako mwenyewe. Watu wazima na akili zao huvimeza ili wasionekane, maana anayekipata hununulia wenzake tamales tarehe 2 Februari. Wewe kikikuangukia, kiweke mezani wakione. Kisha agiza mapema kwa mama wa gulioni uliyemzoea, na umwombe zako zikandwe kwa mafuta ya mimea.